CHUO KIKUU KILIPOTOKA NJE YA KUTA ZAKE

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi katika mkutano wa masomo wa wanachama)



Kamati ya elimu ilituomba tuseme juu ya kazi ya Chuo Kikuu kwa mtu aliyekwisha kuwa mtu mzima, mwenye kazi na watoto, ambaye hawezi kuacha mshahara wake akakae bwenini miaka minne. Wengi wetu hudhani ya kuwa Chuo Kikuu ni mahali pa watoto wetu, si mahali petu. Tunauza ng'ombe, tunakopa katika chama cha akiba, tunalipa ada, tunampeleka mtoto mpaka langoni, kisha tunarudi kazini. Leo tunataka kuonyesha ya kuwa upo mlango mwingine, nao umekuwako zaidi ya miaka mia moja. Waliobisha mpaka ukafunguliwa ni wafumaji wa nguo, wafinyanzi, makarani, mafundi wa reli na wachimba makaa.

Tutachukua mfano wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Si kwa sababu tunapenda mambo ya Waingereza kuliko yetu. Ni kwa sababu habari zake zimeandikwa vizuri, na kwa sababu jambo hili lilifika Afrika ya Mashariki kwa njia hiyo hiyo. Mtu akijua mto ulikotoka, ataelewa kwa nini maji yana rangi ile.

MWANZO WAKE

Katika karne ya kumi na tisa, vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilikuwa vya watoto wa mabwana na wa makasisi. Mfanya kazi hakuingia, na mwanamke hakupewa shahada. Mwaka 1867 kijana mmoja mwalimu wa Cambridge, James Stuart, aliitwa na vyama vya wanawake wa kaskazini ya Uingereza, wengi wao walimu, awafundishe katika miji yao. Akaenda Leeds, Liverpool, Manchester na Sheffield. Wakati ule ilionekana si adabu kijana mwanamume kuwauliza wanawake maswali uso kwa uso. Basi akachapa maswali katika karatasi, nao wakamjibu kwa maandishi. Hivyo desturi ya kumpa mwanafunzi karatasi ya maswali na kumsahihishia ilianza kwa sababu ya haya za watu, ikabaki kwa sababu ya manufaa yake.

Baadaye Stuart akawafundisha mafundi wa reli wa Crewe, na wanachama wa ushirika wa Rochdale. Rochdale ni mji tunaoujua sisi watu wa vyama vya ushirika, maana huko ndiko watu 28, wengi wao wafumaji, walikofungua duka lao mwaka 1844. Ushirika ule ulikuwa na kanuni ya kutenga sehemu ya faida, shilingi mbili na nusu katika kila mia, kwa ajili ya elimu. Stuart alipokuwa akifundisha huko aliacha picha zake zimetundikwa ukutani mpaka somo la pili. Mlinzi wa nyumba akamwambia ya kuwa watu walikuwa wakija kuzitazama na kubishana. Stuart akafahamu ya kuwa hotuba peke yake haitoshi. Watu wanataka pia saa ya kuuliza na kujibizana. Waswahili husema kuuliza si ujinga, na kwa kweli elimu ya watu wazima yote imejengwa juu ya neno hilo.

Mwaka 1873 Cambridge ikakubali kupeleka walimu rasmi katika miji ya Nottingham, Derby na Leicester. Mwaka 1878 Oxford ikafuata. Katibu wake wa kwanza alikuwa A. H. D. Acland, na hotuba zake za kwanza zilitolewa Birmingham. Kazi ile ilififia kidogo, ikafufuliwa mwaka 1885 na katibu mpya, Michael Sadler. Yeye alituma masanduku ya vitabu yaliyosafiri pamoja na walimu kutoka mji hata mji, kwa sababu mtu anayesikia hotuba bila kuwa na kitabu husahau njiani. Mwaka 1888 akawakaribisha wanafunzi wa miji yote waje Oxford wakati wa likizo, wakae katika vyumba vya chuo na kusoma. Watu ambao hawakupata kuliona lango lile waliingia, wakalala ndani.

TATIZO LA FEDHA

Lakini kulikuwa na kasoro kubwa, nayo ni fedha. Chuo kilitoa mwalimu, lakini mji ndio uliomlipa. Kwa hiyo kamati za miji ziliuza tikiti, na ili tikiti zinunuliwe zilichagua masomo ya kuwapendeza wenye nafasi, tena nyakati za mchana. Mtu wa kiwanda yuko kazini mchana. Miaka ikapita, na katika miji mingi waliojaa ukumbini walikuwa wake wa matajiri na walimu wa shule. Wafanya kazi walikuwa wachache.

Upo mfano mmoja wa kusikitisha ambao kila mweka hazina wa tawi angefaa kuukumbuka. Wachimba makaa wa Northumberland walilipenda jambo hili kuliko watu wote. Walitembea usiku kutoka kijiji hadi kijiji kusikiliza masomo ya sayansi na ya historia, nao walichanga wenyewe fedha za mwalimu. Mwaka 1887 ukatokea mgomo mkubwa katika migodi ile. Akiba zikaliwa na tumbo, na masomo yakafa. Hawakukosa hamu wala akili, bali walikosa mfuko uliotengwa ambao hauguswi.

WAFANYA KAZI WABISHA MLANGO

Sasa tunafika kwa mtu aliyeitwa Albert Mansbridge. Baba yake alikuwa seremala, naye mwenyewe alikuwa karani wa ushirika, hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1903 yeye na mkewe, Frances, walianzisha chama cha kuunganisha vyama vya wafanya kazi, vyama vya ushirika na vyuo vikuu. Fedha za kwanza za chama kile zilikuwa shilingi mbili na senti za nusu shilingi, zilizotolewa na mke katika fedha za matumizi ya nyumbani. Baadaye kikaitwa Chama cha Elimu ya Wafanya Kazi, nacho hujulikana kwa herufi zake, W.E.A.

Mwezi wa Agosti 1907 chama hicho kilifanya mkutano mjini Oxford. Akasimama fundi wa kuunda meli kutoka Portsmouth, J. M. Mactavish. Hakusema kwa unyenyekevu. Alisema ya kuwa hakuja kuomba, bali kudai kwa ajili ya tabaka lake kitu ambacho ni haki yake, na ya kuwa Chuo Kikuu kisichokuwa na wafanya kazi ndicho kinachopata hasara. Watu walitazamana. Lakini matokeo yake ni haya: ikaundwa kamati ya watu kumi na wanne, saba wa Chuo Kikuu na saba wa upande wa wafanya kazi. Saba kwa saba, ndugu wanachama. Tunaomba hesabu hiyo muishike, maana tutairudia. Mwaka 1908 kamati ile ikatoa taarifa iliyosema Oxford iwape wafanya kazi masomo ya daraja ya chuo kikuu huko huko wanakoishi, na madarasa yasimamiwe kwa pamoja na pande zote mbili.

DARASA LA TAWNEY

Kabla taarifa haijatoka, kazi ilikwisha anza. Mwezi wa Januari 1908 madarasa mawili yalifunguliwa. Moja lilikuwa Longton, mji wa wafinyanzi, siku ya Ijumaa usiku. La pili lilikuwa Rochdale, siku ya Jumamosi mchana, baada ya viwanda kufungwa. Mwalimu wa yote mawili alikuwa R. H. Tawney, kijana wa miaka 27, aliyefika kwa gari la moshi kila juma. Somo lilikuwa historia ya uchumi, na lilichaguliwa na wanafunzi wenyewe.

Sheria za darasa zilikuwa ngumu. Kila mtu aliahidi kuhudhuria miaka mitatu, mara 24 kila majira ya baridi. Wanafunzi hawakuzidi kama 30. Kila somo lilikuwa la saa mbili: saa moja mwalimu aseme, na saa moja wanafunzi waulize na kubishana. Kila juma la pili mtu aliandika insha. Fikirini, mtu ametoka kiwandani, mikono ina udongo, macho yana usingizi, naye anaandika insha juu ya bei ya ngano na mishahara ya zamani. Wengine waliacha. Walio wengi waliendelea, na walimu wa Oxford waliosoma insha zao walikiri ya kuwa kazi nyingine ililingana na kazi ya vijana wao bora.

Tena mwalimu naye alifundishwa. Tawney alipoandika kitabu chake kikubwa cha kwanza, mwaka 1912, juu ya wakulima wa Uingereza walionyang'anywa ardhi katika karne ya kumi na sita, aliwashukuru wafumaji, wafinyanzi, wachimba makaa na mafundi waliosoma naye, maana walimrekebisha mawazo. Mambo mengine yeye aliyajua kwa kitabu tu. Wao walijua kwa mwili wao maana ya kufukuzwa kazi, na maana ya mshahara kupunguzwa huku bei ya mkate ikipanda.

Kuna jambo jingine tunalolipenda katika habari za Longton. Wale wafinyanzi, makarani na wachimba makaa walipomaliza masomo yao, hawakukaa na elimu yao kama mtu anayefungia mahindi ghalani wakati wa njaa. Mwaka 1911 waliunda mpango wao wa kufundisha katika vijiji vya migodi vilivyowazunguka. Wanafunzi wa juzi wakawa walimu bila malipo. Katibu wa darasa lile, E. S. Cartwright, aliyekuwa karani, baadaye akachukuliwa na Oxford yenyewe kuwa katibu wa madarasa yote ya namna ile. Kabla ya vita ya 1914 madarasa hayo yalikwisha pita 100 katika nchi nzima.

UGOMVI WA RUSKIN

Msidhani ya kuwa wafanya kazi wote walifurahi. Pale pale Oxford kulikuwa na chuo kingine, si sehemu ya Chuo Kikuu, kiitwacho Ruskin. Kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanya kazi watu wazima, na vyama vyao viliwalipia. Wanafunzi wengi wa Ruskin waliitazama ile kamati ya saba kwa saba kwa jicho la mashaka. Waliuliza: Je, Chuo Kikuu kinachofundisha watoto wa matajiri kitamfundisha mfanya kazi uchumi gani? Uchumi wa kumwonyesha kwa nini mshahara wake ni mdogo, au uchumi wa kumridhisha kwamba udogo huo ni wa haki? Tena waliuliza: Mtu akisoma hapa, atarudi mgodini kwa wenzake, au atatafuta kola nyeupe?

Mwaka 1909 mkuu wa chuo, Dennis Hird, aliyekuwa upande wa wanafunzi, alitakiwa aondoke. Wanafunzi wakagoma, wakakataa kuingia katika masomo. Baadhi yao wakaanzisha chuo chao wenyewe, Chuo Kikuu wala serikali wasiwe na mkono ndani yake. Kilihamia London mwaka 1911, nacho kilisaidiwa na chama cha watu wa reli na chama cha wachimba makaa wa Wales ya Kusini. Mmoja wa waliosoma huko alikuwa mchimba makaa kijana, Aneurin Bevan, ambaye baadaye, akiwa waziri wa afya, ndiye aliyeanzisha matibabu ya bure kwa raia wote wa Uingereza mwaka 1948. Lakini chuo kile kilifungwa mwaka 1929, maana vyama vyenyewe vilikuwa vimeishiwa fedha.

Nani alikuwa na haki? Sisi tunaona ya kuwa pande zote mbili zilishika ukweli, kila mmoja kipande chake. Waliogoma walikuwa na haki kuuliza ni nani anayeshika usukani. Elimu inayopangwa na mtu mwingine, kwa fedha ya mtu mwingine, kwa maswali ya mtu mwingine, inaweza kumfanya mfanya kazi awe mpole tu. Lakini wale wa Rochdale na Longton nao walikuwa na haki. Hawakuogopa kukaa na mwalimu wa Chuo Kikuu, kwa sababu walikaa naye kama watu 30 wenye katibu wao, wenye somo walilolichagua wao, na wenye saa nzima ya kumpinga. Mtu mmoja peke yake mbele ya profesa ni mwanafunzi, lakini watu 30 waliojipanga hufanya mapatano naye.

IDARA YAPATA NYUMBA

Baada ya vita, mwaka 1919, kamati ya serikali iliyoongozwa na A. L. Smith wa Oxford ilitoa taarifa iliyosema elimu ya watu wazima ni jambo la lazima kwa taifa, la wakati wote, tena kila chuo kikuu kiwe na idara ya kazi hiyo. Chuo cha Nottingham kilikuwa cha kwanza kuunda idara namna hiyo, mwaka 1920. Oxford ikaunda halmashauri yake ya masomo ya nje mwaka 1924, na mwaka 1927 ikanunua jengo liitwalo Rewley House, hata watu wazima wakawa na nyumba yao katikati ya mji ule. Jina la Kiingereza walilolitumia lilikuwa na maana ya 'nje ya kuta', yaani mafundisho ambayo hayafungiwi ndani ya ukuta wa chuo.

Mwaka 1971 jina likabadilishwa ikawa idara ya masomo ya nje, na mwaka 1990 ikaitwa idara ya elimu ya kuendelea. Mwaka huo huo wa 1990 wanafunzi watu wazima walipata chuo chao hasa ndani ya Oxford, ambacho baadaye kiliitwa Kellogg, na wengi wa wanafunzi wake husoma huku wakifanya kazi. Kazi za idara zikaongezeka: masomo ya jioni, ya mwisho wa juma, ya likizo, ya posta na baadaye ya intaneti, kuanzia somo la majuma machache mpaka shahada.

Lakini tuseme na upande wa pili. Masomo yalipogeuka kuwa vyeti na shahada, ada nayo ikapanda. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilitangaza ya kuwa haitatoa tena msaada kwa mtu anayesoma cheti kilicho sawa na alicho nacho au kilicho chini yake. Vyuo vikuu kadha vikafunga idara zao za watu wazima. Ruskin yenyewe mwaka 2021 ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha West London. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa kwa kubishwa unaweza kufungwa kimya kimya, kwa karatasi ya hesabu tu, siku ambayo hakuna mtu anayeulinda.

MTO WAFIKA KWETU

Baada ya vita ya pili, Thomas Hodgkin, katibu wa masomo ya nje wa Oxford tangu 1945 hata 1952, alisaidia kupeleka kazi hii Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na Nigeria. Kwetu Afrika ya Mashariki, chuo cha Makerere kilianzisha idara yake ya masomo ya nje mwaka 1953. Kenya wakati huo ilikuwa katika Hali ya Hatari, na mkutano wa watu wachache ulitazamwa kwa macho ya polisi. Hapo tunaelewa thamani ya chumba ambamo mtu mzima aliweza kuuliza swali juu ya serikali na uchumi, akajibiwa badala ya kukamatwa.

Mwaka 1955 Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya Kenya, alikwenda Ruskin akasoma mwaka mmoja, akarudi 1956. Tunamtaja kwa sababu alirudi katika kazi ya vyama, na hilo ndilo jibu la swali la wagomaji wa 1909. Tanganyika nayo ilifungua chuo cha Kivukoni mjini Dar es Salaam mwaka 1961, kwa mfano wa Ruskin, wafundishwe watu wazima ambao shule iliwapita.

Hapa Kenya, katika miaka ya 1960, kazi hii ilikaa Kikuyu, karibu na Nairobi, chini ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Mwaka 1967 kilianzishwa kitengo cha masomo ya posta, na waliofaidika zaidi ni walimu wa shule za msingi. Mwalimu aliyeajiriwa bila masomo ya kutosha alipokea vitabu kwa posta, akasikiliza masomo katika redio, akatuma majibu yake, akafanya mtihani, na daraja lake la mshahara likapanda. Hakuacha darasa lake hata siku moja. Mwaka 1986 Nairobi ikaanza shahada ya ualimu kwa njia hiyo ya mbali. Hapo mtu aliyekuwa akifundisha Turkana au Lamu aliweza kuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu.

Mwaka 1998 mlango ukapanuliwa namna nyingine: wanafunzi wanaojilipia wakaanza kuingia, wengi wao jioni baada ya kazi. Ni jambo jema kwamba mtu mwenye kazi aliruhusiwa. Lakini mnaona wenyewe ya kuwa aliyeruhusiwa ni mwenye fedha. Mfagiaji wa chuo kile kile, mpishi wake na mlinzi wa lango lake, wanapita mbele ya mlango ule kila siku na hawana ada. Tena kitu kinachouzwa zaidi ni cheti cha mtu mmoja kupanda ngazi. Hatumlaumu anayepanda, maana watoto wanakula. Ila ngazi hubeba mtu mmoja mmoja, na darasa la Rochdale lilibeba mji.

SISI TUFANYE NINI

Ndugu wanachama, habari hizi hazina faida zikibaki habari. Tunaleta mbele yenu mambo ambayo kila tawi linaweza kuyaanza.

La kwanza ni ruhusa ya masomo. Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha Mkataba Namba 140 wa mwaka 1974 juu ya likizo ya masomo yenye malipo, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mkataba huo unataja mafunzo ya kazi, elimu ya raia, na elimu ya vyama vya wafanya kazi pia. Lakini mkataba ulio katika kabati haumpi mtu siku hata moja. Siku hizo hupatikana katika mapatano yetu na waajiri. Kila tawi linapoandika madai yake, pamoja na mshahara na posho ya nyumba, liandike ni siku ngapi za masomo kwa mwaka, ni nani atakayezipata, na kwamba mtu hatakatwa mshahara wala kupoteza nafasi yake ya kupanda. Asipewe mpendwa wa msimamizi peke yake. Mfagiaji na karani wawe sawa.

La pili ni mfuko. Wachimba makaa wa Northumberland wametufundisha. Tukitenga sehemu ya michango kwa elimu, sehemu hiyo iwe na hesabu yake mbali, isomwe katika kila mkutano wa mwaka, wala isiguswe kwa safari za viongozi. Mgomo ukitokea, tuna mfuko wa mgomo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.

La tatu ni madarasa. Tusingoje Chuo Kikuu kitutafute. Watu ishirini au thelathini wa kiwanda kimoja au wa mtaa mmoja wakutane, wachague somo wanalolitaka wao: sheria za kazi, hesabu za kampuni, historia ya nchi yetu, afya kazini. Wachague katibu wao. Kisha chama kiandike barua kwa idara ya elimu ya watu wazima ya chuo kikuu kilicho karibu, na kwa chuo chetu sisi wafanya kazi huko Kisumu kinachoitwa kwa jina la Tom Mboya, kuomba mwalimu. Tukipata mwalimu wa kutufundisha kwa simu na intaneti, vema, lakini watu wakae pamoja katika chumba kimoja wakati wa kumsikiliza. Mtu akisoma peke yake usiku, akichoka analala, wala hakuna wa kumwamsha. Na kila somo la saa mbili, saa moja iwe yetu.

La nne ni ile hesabu ya saba kwa saba. Vyuo vikuu vyetu hulipwa kwa kodi ya watu, na kodi hiyo hukatwa katika mishahara yetu kabla haijafika mkononi. Kwa hiyo chama kidai ya kuwa mahali popote Chuo Kikuu kinapopanga masomo ya wafanya kazi, wafanya kazi wawe mezani, si kama wageni waalikwa wa kupiga makofi, bali kama nusu ya kamati. Wao wanajua vitabu, nasi tunajua kazi. Bila mmoja wetu, mwingine atapotea.

Mwisho tuseme na wale ambao wamekwisha soma. Wako miongoni mwetu waliopata vyeti kwa kusoma usiku, kwa taa na kwa jasho. Tunawapongeza kwa moyo. Lakini tunawakumbusha wale wafinyanzi wa Longton. Jumamosi moja katika mwezi, njoo katika tawi lako, ukae na wenzako kumi, uwafundishe kusoma karatasi ya mshahara, kuandika barua ya malalamiko, au kuhesabu riba ya mkopo. Hiyo ni kazi ya chuo kikuu pia, hata kama inafanyika chini ya mwembe.

Tunaomba kila tawi liyasome maneno haya katika mkutano wake wa mwezi ujao, liyabishie, kisha limpelekee katibu wa elimu mambo mawili kwa maandishi: somo linalotakiwa, na majina ya watu walio tayari kuhudhuria mpaka mwisho. Majina yakitimia ishirini, tutatafuta mwalimu.